Magwiji wa kompyuta na tuzo zao: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi tunakutana katika chumba cha kuazima hapa Makole, Dodoma: wanafunzi wa sekondari, vijana wachache wanaokuja na daladala kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na mimi ninayewafundisha kuandika programu. Ukuta mmoja wa chumba hicho umebandikwa karatasi zenye majina ya wanasayansi wa kompyuta. Sharti letu ni moja. Jina halipandi ukutani mpaka mwanafunzi asimame ubaoni, aeleze mtu huyo alifanya nini, na wenzake wakiri kwamba wameelewa. Kusema "alipata tuzo kubwa" hakutoshi. Wazazi wanaokuja kuwachukua watoto husimama kuusoma ukuta huo, kisha huuliza. Wanafunzi nao hawachoki kuuliza. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara.

Mwalimu, Tuzo ya Turing ni kitu gani, na kwa nini watu huiita Nobeli ya kompyuta?

Ni tuzo inayotolewa kila mwaka na ACM, chama cha kimataifa cha wanakompyuta kilichoanzishwa Marekani mwaka 1947. Ilianza kutolewa mwaka 1966, na wa kwanza kuipata alikuwa Alan Perlis, kwa kazi yake juu ya mbinu za kuandika programu na utengenezaji wa kompaila. Kompaila ni programu inayochukua maandishi ya mtu na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine inaweza kuzitekeleza. Tangu tuzo ya 2014 mshindi hupata dola milioni 1, fedha zinazotolewa na Google; kabla ya hapo zilikuwa dola 250,000. Ukipiga hesabu kwa shilingi 2,500 kwa dola moja, hizo ni shilingi bilioni 2.5.

Jina la "Nobeli ya kompyuta" limekuja kwa sababu Alfred Nobel, alipoandika wosia wake mwaka 1895, alitaja fizikia, kemia, tiba, fasihi na amani. Kompyuta kama tunayoijua leo haikuwepo. Fani yetu ikalazimika kujitafutia heshima yake yenyewe.

Turing mwenyewe alikuwa nani?

Alan Turing alikuwa Mwingereza, mtu wa hisabati, aliyezaliwa Juni 1912. Mwaka 1936, kabla hata kompyuta hazijajengwa, aliandika makala yenye swali linaloonekana dogo: kuna hesabu ambazo haziwezi kabisa kufanywa kwa kufuata hatua moja baada ya nyingine? Ili ajibu, alibuni akilini mashine yenye utepe mrefu usio na mwisho, inayosoma alama moja, kuandika nyingine, kisha kusogea kushoto au kulia. Basi, hakuna zaidi. Kwa mashine hiyo ya kuwaza tu alionyesha kwamba yapo maswali ambayo hakuna programu itakayoweza kuyajibu, hata ukiipa kompyuta kubwa kiasi gani na muda wote ulimwenguni. Wanafunzi wangu huwa hawaamini wakisikia hivyo kwa mara ya kwanza. Wanadhani ni suala la kununua mashine yenye nguvu zaidi. Sivyo, na ndiyo maana karatasi yake ipo katikati ya ukuta.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi Bletchley Park, Uingereza, akishiriki kuvunja siri za Enigma, mashine ambayo Wajerumani waliitumia kuficha ujumbe wao. Kazi hiyo ilifichwa kwa miaka mingi, kwa hiyo wengi walioishi naye hawakujua alichokifanya. Mwaka 1952 alihukumiwa kwa sheria ya wakati ule iliyofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa la jinai, na Juni 1954 alifariki akiwa na miaka 41. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa niaba ya serikali, mwaka 2013 Turing akapewa msamaha wa kifalme, na tangu 2021 sura yake iko kwenye noti ya pauni 50. Heshima zote hizo zilimkuta amekwisha ondoka. Mimi husikitika kila ninapoisimulia habari hii, na siifichi kwa wanafunzi.

Kwa nini karatasi moja inasema tuzo ya 2024 wakati tangazo lilitoka 2025?

Kwa sababu tuzo hubeba mwaka uliopita. Andrew Barto na Richard Sutton ni washindi wa 2024, ila walitangazwa Machi 2025. Ukiandika insha, taja mwaka wa tuzo.

Mbona Bill Gates na Steve Jobs hawamo ukutani?

Swali hili huulizwa na wazazi zaidi kuliko watoto. Tuzo ya Turing hutolewa kwa mchango wa kitaalamu unaodumu katika fani, nao walijulikana kwa kujenga kampuni na bidhaa, Gates kwa Microsoft na Jobs kwa Apple. Heshima walizipata kwingine: Jobs pamoja na mwenzake Steve Wozniak walipewa Nishani ya Taifa ya Teknolojia ya Marekani mwaka 1985, na Gates mwaka 1992.

Lakini Gates anayo kazi moja ya kisayansi ambayo naipenda sana. Akiwa bado kijana chuoni Harvard alishughulikia fumbo ambalo mama yeyote wa Dodoma anaweza kulielewa akiwa jikoni. Una rundo la chapati zisizolingana ukubwa. Unataka kubwa iwe chini na ndogo iwe juu. Unachoruhusiwa kufanya ni kuchomeka mwiko popote katikati ya rundo na kugeuza zote zilizo juu ya mwiko kwa mkupuo mmoja. Utahitaji kugeuza mara ngapi, hata rundo likiwa limevurugika vibaya kuliko yote?

Njia inayomjia kila mtu ni hii: tafuta chapati kubwa, igeuze ije juu kabisa, kisha geuza rundo zima iende chini. Rudia kwa inayofuata. Kila chapati inagharimu migeuzo miwili, kwa hiyo chapati 100 zinaweza kukufikisha kwenye migeuzo 197. Gates na mwalimu wake Christos Papadimitriou walichapisha mwaka 1979 mbinu ambayo kwa chapati hizohizo 100 haizidi migeuzo 168. Hakuna aliyewapita hadi mwaka 2008, karibu miaka 30 baadaye. Tuliwahi kulifanya fumbo hili darasani kwa chapati tano za kweli, na nakiri kwamba hakuna somo ambalo limewahi kusikilizwa kama lile.

Sasa mtazame Dennis Ritchie. Aliunda C, lugha ya kuandikia programu, na pamoja na Ken Thompson wakaunda Unix, mfumo endeshi, yaani programu inayoiongoza mashine nzima. Wote wawili walipata Tuzo ya Turing ya 1983. Kiini cha Android kilichomo kwenye simu nyingi hapa mjini ni Linux, ambayo imeandikwa kwa C na kufuata nyayo za Unix. Jobs alifariki tarehe 5 Oktoba 2011 na dunia nzima ikasimama. Ritchie alifariki siku chache baadaye, na magazeti mengi hayakumpa hata safu. Ukuta wetu upo kwa ajili ya watu kama Ritchie.

Nimetumiwa kwenye WhatsApp kwamba Mnigeria ndiye aliyevumbua intaneti. Ni kweli?

Ujumbe huo humfikia karibu kila mtu, nami najua kwa nini tunausambaza: tunatamani uwe kweli. Anayetajwa ni Philip Emeagwali. Kilicho kweli ni kwamba mwaka 1989 alipata Tuzo ya Gordon Bell, katika kipengele kinachopima utendaji kwa kulinganisha na gharama, kwa hesabu za namna mafuta yanavyotiririka ardhini, alizozifanya kwenye mashine yenye prosesa 65,536 zinazofanya kazi kwa pamoja. Hiyo ni kazi halisi na tuzo halisi. Kwamba yeye ni baba wa intaneti, hapana.

Intaneti haina baba mmoja. Mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, uliunganishwa mwaka 1969. Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha mwaka 1974 kanuni zinazowezesha mitandao tofauti kuzungumza, na tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ikahamia rasmi kwenye kanuni hizo. Cerf na Kahn walipata Tuzo ya Turing ya 2004. Tim Berners-Lee, ambaye watu humchanganya nao, alibuni wavuti, yaani kurasa na viungo vinavyopita juu ya intaneti, naye alipata tuzo ya 2016.

Mwanafunzi mmoja alikasirika nilipomwambia haya. Alidhani namnyang'anya shujaa. Nikampa kazi ya kuwatafuta Waafrika ambao habari zao zinasimama hata ukizipekua, na wiki mbili baadaye akarudi na majina matatu. La kwanza ni Nii Quaynor wa Ghana, aliyehangaika miaka ya 1990 kuiunganisha Afrika Magharibi na intaneti na kushiriki kuanzisha AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti barani kwetu. Alipewa Tuzo ya Jonathan Postel mwaka 2007. La pili ni jirani yetu Dorcas Muthoni wa Kenya, aliyeanzisha kampuni yake ya programu akiwa kijana na kuwavuta wasichana wengi kwenye fani hii. Mwaka 2014 jina lake liliingizwa kwenye orodha ya heshima ya intaneti. La tatu ni Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, mmoja wa waliounda mwaka 1967 lugha ya Logo ya kufundishia watoto. Wadogo zetu wanaochezea Scratch leo, lugha ya kuandika programu kwa kupanga vipande vya picha, wanakula matunda ya mti ule. Majina yote matatu yalipanda ukutani siku moja.

Washindi wa Turing wanawake ni wangapi?

Hadi tuzo ya 2024 ni watatu tu: Frances Allen mwaka 2006, Barbara Liskov mwaka 2008 na Shafi Goldwasser mwaka 2012, aliyeshirikiana na Silvio Micali. Miaka 40 ilipita tangu tuzo ianze ndipo mwanamke wa kwanza akaipata. Ni wachache mno, na sioni sababu ya kulipamba jambo hilo.

Habari ya Allen nawasimulia hasa wale wanaongoja majibu ya bodi ya mikopo. Alikulia shambani, katika jimbo la New York. Akawa mwalimu wa hisabati, akarudi chuoni kusoma zaidi, akatoka na deni la masomo. Mwaka 1957 aliingia IBM, kampuni ya kompyuta, kwa nia moja: kufanya kazi kidogo, alipe deni, arudi kufundisha. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafundisha watafiti wa kampuni lugha mpya ya Fortran, ambayo ilibidi yeye mwenyewe aisome haraka ili awe mbele yao. Akabaki IBM miaka 45. Alichokifanya muda huo ni kufundisha kompaila kuwa na akili: isitafsiri tu maandishi ya mwandishi, bali iyachunguze yote, ione hesabu inayorudiwa bure, ione kitu kinachoweza kufanywa mara moja badala ya mara elfu, kisha itoe programu inayokimbia zaidi. Programu yako ikikimbia kasi kuliko ulivyoiandika, mkono wa Allen umo humo.

Kabla yao alikuwepo Grace Hopper, ambaye hakuwahi kuipata Tuzo ya Turing. Mwaka 1952 alikuwa ameshatengeneza kompaila iitwayo A-0, wakati wenzake wakimwambia kompyuta ni ya hesabu tu na haiwezi kuandika programu. Mchango wake ulizaa COBOL, lugha iliyobeba mahesabu ya mabenki kwa miongo mingi. Alistaafu jeshi la majini la Marekani mwaka 1986 akiwa na miaka 79, na cheo cha admirali. ACM ina tuzo yenye jina lake kwa vijana wasiozidi miaka 35, na Wozniak tuliyemtaja aliipata mwaka 1979. Kuna habari inayosema Hopper ndiye aliyeanzisha kuita kosa la programu "mdudu" kwa sababu ya nondo aliyekutwa kwenye mashine mwaka 1947. Nondo alikuwepo kweli, akabandikwa kwenye daftari la kumbukumbu. Lakini mafundi walikuwa wakilitumia neno hilo muda mrefu kabla yake.

Geoffrey Hinton alipataje Nobeli ya fizikia kama fani yetu haimo?

Mwaka 2024 Nobeli ya fizikia ilikwenda kwa John Hopfield na Hinton, kwa sababu misingi waliyoiweka ya mitandao ya neva bandia, yaani programu zinazojifunza kwa kuiga ubongo, ilitumia zana za fizikia. Hinton alikuwa amekwisha pata Tuzo ya Turing ya 2018 pamoja na Yoshua Bengio na Yann LeCun. Mwaka huohuo wa 2024, Nobeli ya kemia iliwafikia Demis Hassabis na John Jumper kwa programu ya akili mnemba inayobashiri maumbo ya protini, pamoja na David Baker. Wa kwanza kushika zote mbili, Turing na Nobeli, alikuwa Herbert Simon: Turing ya 1975, Nobeli ya uchumi 1978.

Wanafunzi hufurahi wakisikia kwamba Hinton ni mtoto wa kitukuu wa George Boole, yule ambaye mantiki yake ya kweli na si kweli wanaisoma kila Jumamosi.

Nina duka soko la Majengo. Hawa watu wananihusu nini?

Mama mmoja aliniuliza hivi akimngoja mwanawe, akiwa ameshika simu aliyokuwa akilipia mzigo wa vitunguu. Nikamwambia tuanze na hiyo simu.

Ukituma shilingi 50,000, mashine inafanya mambo mawili: inapunguza kwako na kuongeza kwa unayemtumia. Je, umeme ukikatika katikati ya hayo mawili? Pesa imetoka kwako na haijafika kwake. Mtu aliyeiweka sawa nadharia na utendaji wa kuzuia hilo ni Jim Gray, mshindi wa Turing ya 1998. Kanuni yake ni kwamba muamala ama unakamilika wote, ama unahesabiwa haukutokea kabisa. Kabla ya kugusa salio la mtu, mfumo unaandika kwanza kwenye daftari lake kile unachotaka kufanya. Mashine ikizima na kuwaka tena, inasoma daftari, inamaliza kilichothibitishwa na kurudisha nyuma kilichoachwa njiani. Mwenye duka yeyote anayeandika madeni kwenye daftari kabla ya kutoa bidhaa analielewa jambo hili bila kufundishwa.

Januari 2007 Gray alitoka peke yake na mashua yake kutoka San Francisco, akiyapeleka majivu ya mama yake baharini, na hakurudi. Wataalamu wenzake na maelfu ya watu wa kujitolea walipekua picha za setilaiti kumtafuta. Hakuonekana.

Jina lako na namba yako vimehifadhiwa kwenye majedwali ya kanzidata, na wazo la kupanga taarifa kwa majedwali yanayohusiana ni la Edgar Codd, aliyelichapisha mwaka 1970 na kupata Turing ya 1981. Kwenye benki ya mtandaoni, siri kati yako na benki inalindwa na mawazo ya Whitfield Diffie na Martin Hellman wa mwaka 1976, na ya Rivest, Shamir na Adleman wa mwaka uliofuata. Hao watatu walipata tuzo ya 2002. Diffie na Hellman wakangoja hadi ya 2015.

Ipi kati ya kazi hizo ni rahisi kumwelezea mtoto?

Ya Edsger Dijkstra, Mholanzi, Turing ya 1972. Chora ramani. Kutoka Dodoma kwenda Arusha unaweza kupita Kondoa na Babati, au ukazunguka Manyoni na Singida ndipo utokee Babati. Kwenda Iringa unaweza kupita Mtera, au ukashuka Morogoro na kukata Mikumi. Andika kilomita kwenye kila kipande cha barabara. Swali: njia fupi kuliko zote ni ipi, na utajuaje kwamba hakuna fupi zaidi?

Anza Dodoma. Uandikie kila mji jirani umbali wake. Chukua ulio karibu kuliko yote. Huo umekwisha, hakuna njia nyingine itakayoufikia kwa ufupi zaidi. Ukiwa hapo, angalia majirani zake: kama kupitia hapo kunafupisha safari yao, futa namba ya zamani uandike mpya. Chukua tena ulio karibu kati ya iliyobaki. Endelea hadi ufike. Mtoto wa darasa la sita anaweza kulifanya kwa penseli, na ramani ya kwenye simu inapokuonyesha njia, wazo hilo limo ndani yake.

Dijkstra alilipata mwaka 1956 akiwa amekaa mgahawani Amsterdam na mchumba wake baada ya kuchoka na manunuzi, kwa dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi. Walipofunga ndoa mwaka uliofuata alitaka cheti kiseme kazi yake ni mwandishi wa programu. Wakuu wa mji wakakataa. Hiyo haikuwa kazi wanayoijua. Cheti kikaandikwa mwanafizikia. Nawakumbusha wanafunzi ambao ndugu zao huwauliza "hiyo kompyuta unayosoma ni kazi gani hasa?"

Ukiacha Turing, kuna heshima zipi nyingine?

Nyingi, nitagusa chache. Tuzo ya Gödel, tangu 1993, ni ya makala bora za nadharia. Nishani ya Abacus hutolewa na umoja wa wanahisabati duniani kila baada ya miaka minne kwa mtafiti aliye chini ya miaka 40. Nishani ya John von Neumann ni ya IEEE, chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki. Tuzo ya Abel ni ya hisabati, ila mwaka 2021 aliipata Avi Wigderson, ambaye baadaye akapata Turing ya 2023. Tuzo ya Teknolojia ya Milenia hutolewa Finland. Linus Torvalds wa Linux aliipata mwaka 2012. ACM na IEEE pia zina cheo cha "Fellow" kwa wanachama wachache sana waliofanya kazi ya kipekee, kwa hiyo ukikiona kwenye wasifu wa profesa, usikipite haraka.

Mwanangu yuko kidato cha tatu. Yeye anaweza kushindania nini?

Yapo Mashindano ya Kimataifa ya Infomatiki, yaliyoanza Bulgaria mwaka 1989, kwa wanafunzi ambao hawajaingia chuo kikuu. Kila nchi hupeleka wasiozidi wanne, na mwaka 2024 yalifanyika Misri. Karibu nusu ya washiriki huondoka na medali. Akifika chuoni kuna ICPC, mashindano ya kuandika programu kati ya vyuo vikuu: timu ya watu watatu, kompyuta moja, saa tano. Hiyo kompyuta moja ndiyo mtihani wenyewe. Anayeandika vizuri peke yake na asiyeweza kusikilizana na wenzake huanguka mapema.

Kwa walio vyuo vikuu, kila mwaka tangu 2013, mara nyingi Septemba, watafiti vijana wapatao 200 hualikwa Heidelberg, Ujerumani, kukaa wiki nzima na washindi wa Turing, Abel na tuzo nyingine. Hata wa shahada ya kwanza anaweza kuomba. Na kwa upande wetu wa Afrika kuna Deep Learning Indaba, mkutano wa akili mnemba uliozaliwa Johannesburg mwaka 2017 na kuzunguka miji kama Nairobi, Accra, Dakar na Kigali. Una tuzo zake, mojawapo ikiwa na jina la Wangari Maathai. Kama ningekuwa na nauli ya kijana mmoja tu, ningempeleka Indaba kabla ya Heidelberg, kwa sababu huko atakutana na watu wenye matatizo kama yake, umeme ukiwa mmojawapo.

Mtanzania atapata Tuzo ya Turing lini?

Hakuna bado aliyeipata kwa kazi iliyofanyika katika chuo cha Afrika. Nisingependa kumpa mtoto tarehe, ila napenda aijue hesabu. Barto na Sutton walituzwa kwa kazi waliyoianza miaka ya 1980. Diffie na Hellman walingoja karibu miaka 40. Tuzo hii hutazama nyuma sana. Sasa angalia kwetu: kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. UDOM yenyewe, pamoja na ndaki yake ya kompyuta tunayoiita CIVE, ni chuo kilichofunguliwa mwaka 2007. Kazi ambayo itatuzwa mwaka 2050 huenda inaandikwa sasa hivi na mtu asiyejulikana, na sioni kwa nini asiwe amekaa kwenye maktaba ya kule kilimani.

Jambo moja la utaratibu: huwezi kulipendekeza jina lako mwenyewe. Lazima wengine waandike barua kueleza kazi yako. Maana yake kazi isiyochapishwa na isiyosomwa na wenzako haina wa kuisemea. Ndiyo sababu ninawasumbua wanafunzi waandike walichofanya, hata ukurasa mmoja.

Na Kiswahili kina nafasi?

Kinayo, na ni eneo ambalo kijana wa hapa ana faida kuliko mtu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisini kwa Kiswahili. Watafiti wa Masakhane, wanaoshughulikia lugha za Kiafrika kutoka nchi nyingi, wamefanya kazi iliyotambuliwa kimataifa, na wengi wao walianza bila maabara wala mshahara. Cha kusikitisha, Kigogo na Kirangi havijapata hata robo ya kazi iliyofanywa kwa Kiswahili. Kwangu hilo ni pengo, na mwenye bibi anayezungumza Kigogo nyumbani ana hazina ambayo hakuna seva iliyonayo.

Karatasi ya nani inafuata ukutani?

Barbara Liskov. Msichana wa kidato cha tatu amemchagua, na Jumamosi iliyopita alijaribu na kushindwa. Alisema maneno mengi ya kitabuni na wenzake hawakuelewa. Alikaa chini kimya. Baadaye, tukifunga madirisha, akanijia na mfano wake mwenyewe. Duka la mtaani, akasema, lina dirisha la nondo. Wewe unaomba sukari kilo moja, inatoka. Hujui sukari imekaa rafu ipi, wala huhitaji kujua. Kesho mwenye duka akipanga upya kila kitu humo ndani, wewe utaomba vilevile na utapata vilevile. Programu nzuri ikatwe vipande namna hiyo, kila kipande na dirisha lake.

Nikamwambia arudi ubaoni wiki hii na aanze na hilo dirisha.